Springi ya Mwangangi

Wasee, hii nikiwaambia mtasema nimeota. Mama mmoja wa Ikutha, mama haoni hata mwanga wa jua, alikataa gari ya mtoto wake juu ya springi moja ndogo, urefu wa kidole. Halafu hiyo springi ikarudishwa pale mahali ilikuwa haifai kukaa, na mtu aliyekuwa amekufa miaka mingi akakunywa chai kwao, mchana, watu wakiona. Kaeni nayo pole pole mpaka mwisho, kwa sababu huko mwisho kuna swali.

Mwenye alitengeneza hiyo gari alikuwa anaitwa Nzioka. Fundi, lakini si fundi wa kubadilisha oili na kuziba pancha. Tangu miaka ya sabini alikuwa ameandikwa kazi Nairobi na tajiri mmoja mpenda magari ya zamani. Wanachukua gari imeoza, kuku wametaga ndani, wanaitengeneza mpaka inarudi vile ilitoka kiwandani. Na si kwa macho tu. Kila mwaka kulikuwa na mashindano. Magari yanapangwa kwa nyasi, halafu anakuja jaji mzee na tochi, mchana kweupe, anainama ndani ya boneti. Rangi hata haangalii. Anaangalia klipu. Klipu ya waya wa plagi inaangalia juu ama chini? Bomba ya petroli imepita mbele ya kabureta ama nyuma? Kichwa cha boliti kiko upande gani? Kitu kadogo kama ukucha kakiwa si mahali pake, alama zinaenda.

Nzioka hakuwa anapoteza alama. Ungemwamsha usingizini umuulize kibati fulani kinakaa wapi, angekuonyesha na kidole macho yakiwa yamefungwa.

Ndugu yake mkubwa, Mwangangi, alikuwa anamcheka mpaka basi.

"Nzioka, wewe ni fundi ama ni pasta wa nati?"

"Kila kitu ina mahali yake, Mwangangi."

"Mahali yake ni pale inafanya kazi, bwana. Kwani kiwanda iko hapa Ikutha?"

Mwangangi alikuwa mtu wa aina ingine kabisa. Alikuwa na duka Makindu, anauza mbegu na dawa za ng'ombe, lakini nyumbani kwao ni ng'ambo, upande wa Kitui, juu ya kilima kimoja huko Ikutha. Kila Jumamosi alikuwa anafunga duka, anaingia kwa Peugeot 404 yake ya rangi ya chai ya maziwa, anapita Kibwezi, anavuka mto Athi, anakula vumbi mpaka mto wa mchanga wenye uko chini ya kilima cha kwao. Kuna mwinuko kabla ya mto, na kuna mlima wenyewe baada ya mto. Hapo kwa kupanda ndio maneno iko.

Siku moja kibati kinachoshika springi ya akseleta kilivunjika njiani. Hiyo springi kazi yake ni kurudisha mafuta chini ukitoa mguu. Bila hiyo, injini inanguruma tu yenyewe kama mtu amechanganyikiwa. Alikuwa na rafiki yake Amin kwa gari. Amin ni fundi wa Makindu, mtoto wa wale Waislamu wa Kitui mjini. Wakafungua boneti, wakasimama kwa jua wakiangalia hapa na pale. Mwangangi akachukua springi, akaizungusha kwa nati moja ya kile kifuniko cha bati kinakaa juu ya injini, akaivuta mpaka kwa waya wa akseleta, akasema, "Twende."

Amin alicheka mpaka akakaa chini barabarani. "Wallahi, ndugu yako akiona hii atalia."

"Asione."

Na ikashika. Na kumbe imezaa wimbo! Gari ikipanda na gia ya pili, springi inatetemeka juu ya lile bati na bati linaitikia. Sauti nyembamba, inapanda inashuka, kama mama anaimba akiwa amefunga mdomo. Kila wiki Amin anamwambia leta nikutengenezee hiyo aibu, na kila wiki Mwangangi anasema wacha. Kwa sababu alikuwa amegundua kitu.

Mama yao, Mumbua, macho yake yalikuwa yameisha kitambo. Alikuwa anakaa kwa stuli nje ya jikoni, na hiyo springi ikianza kulia huko mbali kwa mwinuko, yeye ndiye wa kwanza kusikia. Kabla ya mbwa. Kabla ya watoto.

"Muthoki, weka maji."

Muthoki ndiye alikuwa bibi ya Mwangangi. Alikuwa anaweka maji ya chai hapo hapo bila kuuliza, kwa sababu mama hakuwa anakosea. Gari inavuka mchanga, inapanda mlima ikiimba, na vile inapiga ile kona ya mwisho karibu na boma, chai ndio inapanda kwa sufuria. Mwangangi akishuka anapata mama amesimama na kikombe.

"Umekawia," mama anasema, hata kama amefika mapema.

"Nimekawia, mwaitu."

Mwaitu ndio mama yangu kwa Kikamba. Huo ulikuwa mchezo wao, kila Jumamosi, na hakuna mtu mwingine aliingia ndani yake.

Nzioka naye akija kutoka Nairobi anashukia barabarani, anapanda kilima na miguu. Akisalimia tu, mama anainua uso. "Ni nani huyo? Mwangangi?" Kwa sababu hao ndugu wawili sauti yao ilikuwa moja. Hata Muthoki alikuwa anadanganyika akiwa ndani ya nyumba. Nzioka anasema, "Ni mimi, mwaitu. Ni Nzioka."

"Aa. Nzioka." Na sauti ya mama inashuka. Kidogo tu. Lakini mtoto anasikia.

Sasa. Mwaka wa sabini na tisa, mvua ya Novemba. Ikutha kwenyewe kulikuwa na jua, lakini huko juu ilikuwa imenyesha usiku wote. Mto wa mchanga mnaujua. Asubuhi mbuzi wanalala ndani yake, saa nane umebeba miti. Mama alisikia springi ikilia kwa ule mwinuko wa ng'ambo.

"Muthoki, weka maji."

Muthoki akaweka. Wakangoja springi ilie tena kwa mlima. Haikulia. Maji yakachemka, Muthoki akaongeza mengine, yakachemka tena. Mama akasema, "Usitoe. Amesimama kuongea na mtu." Sufuria ikakauka, ikaungua, nyumba ikajaa moshi, na mama bado anasema usitoe.

Walipata gari imesimama ng'ambo, mlango wazi, viatu vimepangwa vizuri chini ya kiti. Alikuwa amejaribu kuvuka na miguu. Vijana walifuata mto mpaka huko chini kwa mbuga ya wanyama, wakarudi na shati tu.

Hakukuwa na mwili, kwa hivyo hakukuwa na kaburi. Watu wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaomba, pasta akaongea vizuri sana. Mama Mumbua alikaa na mkono kwa shavu. Walipomaliza akauliza, "Mmemwona?"

"Hatujamwona, mama."

"Sasa mnazika nini?"

Gari ilivutwa na ng'ombe mpaka nyumbani, ikawekwa chini ya kibanda cha mabati. Wanunuzi walikuja, Muthoki akawafukuza. Na mama akaendelea kukaa kwa ile stuli yake, kila Jumamosi, uso umeelekea mtoni.

Miaka ikaenda hivyo. Mwaka wa themanini na saba mama akaanza kuanguka. Alikuwa anakataa chakula. Muthoki akatuma dereva wa lori, dereva akamtafuta Nzioka Nairobi mpaka akampata. "Muthoki anasema mama yenu anaenda. Mama anataka kusikia gari ya Mwangangi ikipanda mlima mara moja tu, ndio apumzike. Anasema ni wewe unaweza."

Ni wewe unaweza! Nzioka alikuwa amengoja maneno kama hayo tangu akiwa mtoto. Aliomba ruhusa kwa tajiri siku hiyo hiyo. Akatafuta lori, akaenda Ikutha, akatoa kuku ndani ya ile 404, akaibeba mpaka Makindu kwa gereji ya Amin.

Amin alipoiona alivua kofia, akazunguka gari pole pole, akipapasa zile sehemu zilikuwa zimebonyea. Halafu wakafungua boneti. Panya walikuwa wamekula waya, lakini springi ilikuwa palepale, imejaa kutu, imezungushwa kwa ile nati.

Nzioka akaangalia. "Hii ni nini?"

Amin akaanza kucheka, akaacha. "Ni ndugu yako."

"Hii si mahali yake."

"Najua si mahali yake. Wacha hapo."

"Amin, kiwanda iliweka kibati hapa chini, karibu na kabureta. Springi inatoka kwa kibati, si kwa kifuniko. Hata imekwaruza bati. Ona!"

"Mimi naona. Nilikuwepo. Hiyo ndio inafanya gari ilie, Nzioka. Hiyo ndio mama anajua."

Nzioka hakuwa amewahi kusikiza hiyo sauti akiwa boma. Yeye alikuwa anakuja siku za kati ya wiki, Jumamosi alikuwa Nairobi na magari ya mashindano. Aliona Amin anamletea hadithi.

"Ndugu yangu hana kaburi," akasema. "Unanielewa? Hana jiwe, hana msalaba, hana kitu. Hii gari ndio itakuwa kaburi yake. Na mimi sitamtengenezea ndugu yangu kaburi ya kubahatisha."

Amin akachukua spana.

Wakaivua yote. Nzioka alifanya kazi kama mtu anaomba. Kila klipu ikarudi mahali pake, ikiangalia vile inafaa. Bomba ya petroli ikapita pale kiwanda iliipitisha. Vichwa vya boliti vyote vikageuzwa upande mmoja. Akanyoosha kila bonyeo. Kile kifuniko cha bati akakisugua na msasa mpaka ule mkwaruzo wa springi ukaisha, akakipaka rangi, kikang'aa kama sahani ya wageni.

Ikabaki kibati. Kibati kidogo, na Makindu hakuna, Mombasa hakuna. Muthoki akatuma neno: harakisheni, mama sasa anakunywa uji tu. Amin akasema, "Mama anangoja gari, Nzioka. Hangoji kibati."

"Siku chache tu."

Zikawa wiki. Kibati kikatoka Nairobi hatimaye, kimefungwa kwa gazeti. Nzioka akakifunga kwa mkono wake, akaweka springi mpya, akawasha. Injini ikanong'ona. Unasikia? Ikanong'ona tu! Ungeweka kikombe kimejaa chai juu yake kisimwagike. Nzioka akafuta machozi na kitambaa cha grisi, akabaki na weusi kwa uso. "Mwangangi hajawahi kuwa na gari kama hii," akasema.

"Ni ukweli," Amin akasema. "Hajawahi."

Na ile springi ya kutu, Amin aliiokota kwa takataka, akaitia mfukoni.

Wakachagua Jumamosi. Nzioka akaendesha peke yake, dirisha wazi, watu wa Kibwezi wakigeuka kuangalia. Huko Ikutha Muthoki alikuwa amemvalisha mama leso safi, amemkalisha kwa stuli yake, majirani wamejaa boma. Muthoki alimwambia, "Leo gari inakuja, mwaitu." Mama alikuwa ameelekeza sikio mtoni, amefungua mdomo kidogo, vile mtu anasikiza mtoto akipumua.

Gari ikapanda ule mwinuko. Mama hakusonga. Gari ikavuka mchanga, ikapanda mlima, laini, kama hewa. Ikapiga kona.

"Muthoki," mama akasema. "Toa viti. Kuna wageni."

Wageni! Nzioka akazima injini, akashuka, anacheka. Alikuwa hajasikia.

"Mwaitu! Nimeileta."

"Ni nani huyo? Mwa..." Halafu mama akajizuia. "Nzioka. Umeleta nani?"

"Gari, mwaitu. Ya Mwangangi. Njoo ushike."

Akamshika mkono, akamleta pole pole mpaka kwa boneti. Mama akapapasa. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta lile bonyeo la mbele, pale Mwangangi aligonga punda. Havikulipata. Vikaenda kwa mlango, pale chuma kilikuwa kimechubuka. Laini. Akarudi mbele, akatafuta tena, kama mtu ameangusha shilingi.

"Hii ni ya serikali?"

Mtu mmoja huko nyuma akacheka kidogo, akanyamazishwa.

"Ni yake, mwaitu. Nimeirudisha vile ilitoka kiwandani. Kila kitu iko mahali yake."

"Ya Mwangangi ilikuwa inaniita," mama akasema. "Hii haijui jina langu." Akatoa mkono kwa gari, akaufuta kwa leso. "Umeiosha, Nzioka. Umeiosha vile wanaosha maiti. Muthoki, nipeleke ndani."

Akapelekwa. Akalala uso umeelekea ukuta, na hata ule uji akakataa.

Nzioka alisimama hapo mpaka majirani wakaisha mmoja mmoja. Muthoki ndiye alikuja kumwambia. Hakumpigia kelele, na hiyo ndio mbaya zaidi. Alimwambia juu ya kuweka maji. Kila Jumamosi, miaka yote hiyo, sauti ya springi, na maji, na chai kupanda na gari pamoja. "Hukuwa unajua?" akamuuliza.

Alikuwa ameambiwa. Hakuwa anajua.

Akafungua boneti. Atairudisha vile ilikuwa, basi. Ni kazi ya dakika. Akafungua springi kutoka kwa kibati, akainua, na mkono ukabaki juu. Nati gani? Kifuniko kina nati kadhaa, zote sasa zinafanana, zote zinang'aa. Mkwaruzo ungemwonyesha, lakini mkwaruzo yeye mwenyewe aliumaliza na msasa. Akajaribu moja, akawasha, injini ikanong'ona. Akajaribu ingine, ikapiga kelele ya bati tu. Fikiria huyo mtu! Anajua mahali pa kila klipu ya kila gari, mahali sahihi yote anajua, lakini mahali pamoja pabaya, penye mama yake alikuwa anangoja, hakuwahi kupaangalia vizuri.

Asubuhi akarudi Makindu mbio. Amin alikuwa anakunywa chai mlangoni mwa gereji. Alipoona hiyo gari na huo uso aliingiza mkono mfukoni, akatoa ile springi ya kutu.

"Nionyeshe," Nzioka akasema.

"Mpya haitalia, chuma yake ni ngumu. Ni hii." Amin akainama. "Alizungusha hapa. Si hivyo, wewe unazungusha kama jaji anaangalia. Yeye alizungusha kama mtu ana njaa. Hivi. Halafu akavuta, akasema twende."

Wakaenda pamoja kujaribu hapo barabarani, kwa mwinuko. Gia ya pili. Na ikaanza. Nyembamba, inapanda, inashuka. Amin akageuza uso dirishani. Nzioka alisikia hiyo sauti mara ya kwanza maishani mwake, na akajua ndugu yake amekufa. Miaka yote hiyo alikuwa anasema tu na mdomo.

Amin akashuka. "Nenda peke yako. Na Nzioka... ukifika, utamwambia ni nani amekuja?"

Nzioka hakuwa amefikiria hiyo. Akafikiria njia yote. Kibwezi, Athi, vumbi. Akasema moyoni, nitamwambia ukweli. Nitasema, mwaitu, ni mimi Nzioka, nimekuletea sauti yake. Hiyo ni kitu nzuri, na si uongo.

Akapanda ule mwinuko.

Huko juu Muthoki alikuwa anafua. Alisikia, sabuni ikamtoka mkononi. Na kutoka ndani ya nyumba, kutoka kwa yule mama hajainua kichwa tangu jana, ikaja sauti ya zamani kabisa, sauti ya mwenye boma.

"Muthoki! Weka maji!"

Muthoki akaweka. Angefanyaje? Mikono iliweka yenyewe. Na mama akatoka kitandani, akashika ukuta, akashika mlango, akatoka nje na miguu yake. Gari ikavuka mchanga, ikapanda mlima ikiimba. Chai ikapanda kwa sufuria. Gari ikapiga kona, ikazima.

Nzioka akashuka, akaona mama yake amesimama. Amesimama! Leso amefunga upande, kikombe kwa mikono miwili, chai inamwagika kwa vidole na hasikii moto. Na uso wake, hao wote wenye walikuwa hapo wanasema, ulikuwa uso wa msichana.

"Umekawia," mama akasema.

Nzioka alifungua mdomo kusema jina lake. Lilikuwa hapo kwa ulimi. Muthoki alikuwa amesimama mlangoni kwa jikoni, ameweka mkono kwa mdomo, anamwangalia.

"Nimekawia, mwaitu," akasema.

Na sauti ilikuwa moja, mnakumbuka.

Akapewa kikombe. Akakunywa chai ya ndugu yake, akiwa amekaa chini karibu na miguu ya mama, na mama mkono wake juu ya kichwa chake. Mama akaomba uji, akala. Akauliza duka inaendelea aje, akaambiwa inaendelea. Akauliza maji yalikuwa mengi siku hiyo, akaambiwa yalikuwa mengi. Halafu akauliza:

"Na Nzioka?"

Nzioka akaweka kikombe chini.

"Alileta gari hapa nikaifukuza. Nilikuwa na uchungu. Mwambie ilikuwa nzuri. Nilishika rangi, ilikuwa laini kama mtoto. Yeye anatengeneza vizuri, tangu akiwa mdogo. Shida ya hiyo gari tu ni haikuwa yako." Akapapasa nywele zake. "Mwambie asinikasirikie. Mwambie aje."

"Nitamwambia, mwaitu."

"Asikawie kama wewe."

Alikaa siku chache baada ya hapo, siku nzuri, anaongea, anacheka hata. Nzioka hakutoka kando yake. Asubuhi ya mwisho, pumzi ikiwa imeanza kuwa fupi, mama alishika mkono wake akaufinya.

"Nzioka amefika?"

Muthoki alikuwa hapo. Anasema Nzioka alimwangalia kama mtoto anaangalia mtu mkubwa amwambie la kufanya, na yeye Muthoki akashindwa, akaangalia chini. Maana akisema nimefika, ni mimi hapa, basi Mwangangi anazama mara ya pili, na mama anaenda akijua. Na akisema hajafika, mama anaenda akingoja.

"Yuko njiani, mwaitu," akasema. "Anapanda mlima."

Mama akageuza sikio upande wa mtoni, vile alikuwa anafanya. Akasikiza. Akakufa akiwa anasikiza, na mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa yule alikuwa anamngoja.

Watu wakagawanyika. Muthoki mpaka leo anasema mama alikuwa anajua, kwamba huwezi kuzaa mtoto ushindwe kujua mkono wake, na ile "mwambie asinikasirikie" alikuwa anamwambia mwenyewe. Amin alisema ni afadhali, mama alikunywa chai yake. Nzioka hakurudi kwa mashindano, alibaki Makindu kwa gereji ya Amin na hiyo gari. Miaka ya tisini yule tajiri wake wa zamani alipita Makindu, akaomba kuiona hiyo 404, akafungua boneti. Aliangalia kila klipu, akitingisha kichwa kwa furaha, mpaka macho yakafika kwa ile springi ya kutu.

"Nzioka! Hii iko mahali mbaya."

"Najua," Nzioka akasema, akafunga boneti pole pole.

Sasa niambieni. Wewe ndio umeshikwa mkono hapo kitandani, na mama anakuuliza kama umefika. Ungesema jina lako?